Gharama ya Kasi: Historia ya Silaha Nzito Zinazoangushwa kutoka Angani

Mabomu mengi yanayoangushwa kutoka ndegeni huharibu kwa mlipuko, yaani kwa nishati iliyofungiwa ndani ya kilipuzi ikisubiri kufunguliwa. Lakini sambamba nayo, tangu miaka ya mwanzo ya vita vya angani, imeishi fikra nyingine, kwamba kitu kizito kinachokwenda kwa kasi kubwa hakihitaji kilipuzi ili kivunje kile kinachogongana nacho. Nazi iliyokomaa ikianguka kutoka kileleni mwa mnazi humjeruhi aliye chini ingawa haina baruti ndani yake, kwa sababu uzito wake na kasi iliyoipata njiani vimegeuka kuwa nguvu ya kuumiza. Wanafizikia huuita uwezo huo nishati mwendo, na huukokotoa kwa kuzidisha nusu ya tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, kwa kipeo cha pili cha mwendokasi wake. Maana ya kanuni hiyo ni kwamba uzito ukiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara mbili tu, ilhali kasi ikiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Ndege zilipoanza kupita kasi ya sauti, kanuni hii ilizaa swali ambalo wahandisi na wanajeshi wamelirudia kwa miongo mingi: ikiwa kasi ina thamani kubwa kiasi hicho, je, haifai ndege ya namna hiyo ibebe mtaimbo mzito wa chuma na kuuachia juu ya ngome ya adui?

Jibu la swali hilo limo katika historia ya zaidi ya miaka 100, na kiini chake ni kwamba kasi ya silaha haipatikani bure, bali lazima ilipiwe. Walipaji wake ni watatu. Wa kwanza ni kimo, kwa kuwa kila kitu kilichopandishwa juu hurudishiwa na mvutano wa dunia, wakati wa kuanguka, sehemu ya kazi iliyotumika kukipandisha. Wa pili ni ndege, ambayo huipa silaha mwendo wake yenyewe kabla ya kuiachia. Wa tatu ni silaha, inapobeba roketi yake na kujisukuma. Historia inayosimuliwa hapa ni ya mashindano kati ya walipaji hao, na ya namna ambavyo yule wa pili, aliyeonekana kuwa na nguvu kuliko wote, alishindwa mara kwa mara na wenzake wawili.

Vishale vya chuma na kasi ya kikomo

Bomu la kwanza kutupwa kutoka ndegeni vitani lilitupwa kwa mkono tarehe 1 Novemba 1911, wakati Luteni Giulio Gavotti wa Italia alipoangusha makombora madogo ya mkono juu ya kambi za Waturuki na Waarabu nchini Libya. Miaka mitatu baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, marubani wa Ufaransa walijaribu njia isiyohitaji kilipuzi hata kidogo: walibeba masanduku ya vishale vya chuma, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban sentimita 12 na uzito wa gramu 20 hivi tu, wakavimwaga juu ya vikosi vya askari wa miguu na wapanda farasi. Vishale hivyo viliweza kupenya kofia na mwili wa mtu, na Wajerumani nao wakaviiga, lakini matokeo yake katika vita kwa ujumla yalikuwa haba, kwa sababu vilitawanyika mno na mtu aliyesimama chini ya paa imara alikuwa salama.

Udhaifu wa vishale ulitokana na jambo la kimaumbile ambalo lingeandama silaha zote za aina hii. Kitu kinachoanguka hewani huongeza kasi mpaka ukinzani wa hewa, yaani nguvu ya hewa inayopinga mwendo wake, ulingane na uzito wake; hapo huacha kuongeza kasi, na kiwango hicho huitwa kasi ya kikomo. Ukinzani hutegemea ukubwa wa uso unaoikata hewa, na uzito hutegemea ujazo mzima wa kitu, kwa hiyo kitu kidogo hukifikia kikomo chake mapema, ilhali kitu kirefu, chembamba na kizito kinaweza kuanguka kilomita nyingi huku kikiendelea kushika kasi. Jeshi la Marekani lilirudia fikra ya vishale katika vita vya Korea na Vietnam, likitumia vipande vidogo vya chuma vyenye mapezi vilivyomwagwa kwa maelfu, navyo vilikutana na mpaka uleule: viliweza kuua watu waliokuwa wazi, lakini havikuweza kuvunja handaki wala daraja. Aliyetaka kuvunja vitu vizito hakuwa na budi kuangusha vitu vizito.

Barnes Wallis na mlipaji wa kwanza

Mtu aliyelifahamu jambo hilo kwa kina kuliko wenzake alikuwa mhandisi Mwingereza Barnes Wallis, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufanya kazi katika kampuni ya Vickers. Mwaka 1941 aliandika waraka mrefu uliodai kwamba mabomu madogo yaliyoangushwa kwa wingi juu ya uso wa ardhi yalipoteza nguvu nyingi hewani, na kwamba bomu moja la tani 10, likiangushwa kutoka kimo cha takriban mita 12,000, lingezama ardhini kabla ya kulipuka na kuitikisa misingi ya majengo kama tetemeko la ardhi. Ili kulibeba, alipendekeza ndege mpya yenye injini 6, lakini serikali ilikataa kuijenga, ikiona kwamba ndege kubwa namna hiyo, iliyobuniwa kwa ajili ya bomu la aina moja, ingekuwa mzigo kwa taifa lililokuwa vitani.

Fikra hiyo ilifufuka baada ya Wallis kupata sifa kwa bomu lililoruka juu ya maji na kubomoa mabwawa ya Ujerumani mwezi Mei 1943. Safari hii alipunguza matarajio yake ili yalingane na ndege iliyokuwapo, yaani Lancaster, na mwaka 1944 likatoka bomu lililoitwa Tallboy. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa takriban kilo 5,400. Ganda lake lilikuwa chuma cha pua kigumu, nene zaidi sehemu ya mbele, na mapezi ya mkiani yalipindwa kidogo ili bomu lizunguke kama pia na kushika njia yake bila kuyumba. Lancaster haikuweza kulipandisha hadi kimo alichokitaka Wallis, lakini hata likiachiwa kutoka karibu mita 5,500 lilikaribia kasi ya sauti kabla ya kugusa ardhi, ingawa ndege iliyolibeba ilikuwa ya mapanga na ya mwendo wa pole. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 1944, kikosi cha 617 cha Uingereza kiliyatumia mabomu hayo kwa mara ya kwanza kwenye njia ya reli ya chini ya kilima huko Saumur, Ufaransa, na bomu moja lilipenya kilima chenyewe na kuziba njia hiyo. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo, mabomu hayohayo yaliipindua manowari ya Tirpitz karibu na Tromsø, Norway, na mabaharia wapatao 1,000 wakaangamia pamoja nayo.

Bomu la tani 10 ambalo Wallis alilitamani tangu mwanzo lilikamilika mwaka 1945 kwa jina la Grand Slam, na lilitumika kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi kwenye daraja la reli la Bielefeld, ambalo matao yake yaliporomoka. Wiki mbili baadaye, mabomu mawili ya aina hiyo yalitoboa paa la zege la karakana ya nyambizi iliyokuwa ikijengwa Farge, karibu na Bremen. Paa hilo lilikuwa limejengwa na maelfu ya mateka na wafungwa waliolazimishwa kufanya kazi katika njaa na mateso, na wengi wao walikufa papo hapo kwenye ujenzi, hivyo kila mita ya zege ambayo bomu liliipima ilikuwa imekwisha kulipiwa kwa uhai wa watu.

Hesabu ya Tallboy ni mwanga unaohitajika ili kuelewa yaliyofuata. Kilo 5,400 zinazokwenda kwa mita 340 kila sekunde zina nishati mwendo inayolingana na ile ya kilo 75 hivi za TNT, kilipuzi kinachotumika kama kipimo cha vilipuzi vingine, ilhali bomu lenyewe lilibeba zaidi ya kilo 2,300 za kilipuzi chenye nguvu kuliko TNT. Nishati mwendo, kwa hiyo, haikuwa ndiyo iliyobomoa, bali ilikuwa jembe: ilikusanywa yote kwenye ncha moja ngumu, ikachimba njia, na kukifikisha kilipuzi mahali ambapo kingefanya kazi yake.

Bomu lenye roketi na bomu lenye usukani

Kabla vita havijakwisha, njia nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Ya kwanza ilitoka kwa Edward Terrell, afisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliyebuni bomu lililoitwa Disney. Lilikuwa jembamba, lenye uzito wa takriban kilo 2,000, na mkiani lilikuwa na roketi zilizowaka bomu lilipobakiza takriban mita 1,500 kufika chini, hivyo likagonga zege kwa kasi inayokaribia mita 440 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kasi ya sauti. Ndege za Marekani aina ya B-17 ziliyabeba mawili mawili chini ya mabawa na kuyatumia kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1945 dhidi ya maficho ya boti za kivita za Wajerumani huko IJmuiden, Uholanzi. Ndege iliyoyaachia haikukaribia hata nusu ya kasi ya mwisho ya mabomu hayo. Kimo kililipa sehemu, na roketi ikamalizia deni.

Njia ya pili ilikuwa ya Wajerumani. Bomu lao la Fritz X lilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,360, na mlengaji aliyebaki ndegeni aliliongoza kwa mawimbi ya redio huku akitazama mwanga uliowaka mkiani mwake. Tarehe 9 Septemba 1943 mabomu mawili ya aina hiyo yaliipiga manowari ya Italia iitwayo Roma. La kwanza lilipita sitaha na mwili mzima wa meli likalipukia chini yake, la pili likaiwasha ghala ya risasi, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Fritz X haikuwa na kasi ya ajabu wala uzito wa ajabu, lakini ilikwenda ilikoelekezwa, na mabomu mazito ya baadaye yangelazimika kujifunza somo hilo kabla hayajaaminika.

Ndege zinapoupita mpaka wa sauti

Tarehe 14 Oktoba 1947, Chuck Yeager aliruka kwa kasi inayopita ya sauti katika ndege ya Bell X-1, na inafaa kukumbukwa kwamba ndege hiyo haikupaa kwa nguvu zake, bali ilibebwa chini ya tumbo la B-29, ndege kubwa ya mwendo wa kawaida, kisha ikaachiwa na kuwasha roketi. Katika miaka kumi iliyofuata ndege za jeti zilianza kufikia kasi hiyo zenyewe, na kipimo cha Mach kikawa cha kawaida katika mazungumzo ya wanajeshi: Mach 1 ni kasi ya sauti katika hewa iliyopo, Mach 2 ni mara mbili yake.

Onyo la kwanza lilikuja mapema. Tarehe 21 Septemba 1956, rubani wa majaribio Tom Attridge alipiga risasi za mzinga wa milimita 20 kuelekea Bahari ya Atlantiki, karibu na Long Island, akiwa anashuka katika ndege ya Grumman F11F Tiger. Risasi zilitoka mtutuni zikiwa na kasi kubwa kuliko ya ndege, lakini hewa ilizipunguzia mwendo upesi, na rubani, aliyeendelea kushuka kwa kasi inayosukumwa na injini, akazikuta njiani zikamharibia ndege mpaka ikaanguka. Attridge alinusurika. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba kitu kikishaachana na injini iliyokisukuma huanza papo hapo kudaiwa na hewa, na deni hilo hukua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo kasi kubwa ambayo silaha imepewa na ndege ndiyo inayonyang'anywa kwanza.

Ugumu wa pili ulikuwa katika kuachana kwenyewe. Ndege inapopita kasi ya sauti, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha, bali hubanwa na kuwa kuta nyembamba za mgandamizo zinazoitwa mawimbi ya mshtuko, na kitu chochote kinachodondoshwa lazima kipenye katikati ya kuta hizo bila kupinduliwa wala kurudishwa kwenye ndege. Waundaji wa ndege ya Jeshi la Majini la Marekani iitwayo Vigilante, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, walijaribu kukwepa tatizo hilo kwa kulisukuma bomu la nyuklia litoke nyuma, katikati ya injini mbili, likiwa limeunganishwa na matangi ya mafuta yaliyokwisha kutumika. Lakini katika majaribio mzigo huo ulielekea kuifuata ndege ndani ya hewa iliyovurugika nyuma yake badala ya kuanguka sawasawa, na hatimaye ndege hizo zikapewa kazi ya upelelezi. Tarehe 30 Julai 1966 gharama ilikuwa kubwa zaidi. Ndege ya M-21, iliyotokana na ukoo uleule uliozaa SR-71, ilijaribu kuachia chombo kisicho na rubani kilichoitwa D-21 ikiwa katika kasi inayozidi Mach 3. Chombo kikaigonga ndege iliyokibeba, ikavunjika vipande, na Ray Torick, mmoja wa watu wawili waliokuwamo, akazama baharini na kufa. Mradi uliendelea kwa njia nyingine: D-21 ilipachikwa chini ya B-52, ndege isiyofikia kasi ya sauti, ikafungiwa roketi ya kuisukuma baada ya kuachiwa. Uamuzi huo ulirudisha mambo pale yalipokuwa IJmuiden mwaka 1945.

Ugumu wa tatu ulikuwa joto. Hewa inayosimamishwa ghafla mbele ya chombo kinachokwenda kwa Mach 3 hufikia nyuzi zaidi ya 300 za Selsiasi, hata kama nje kuna baridi kali ya anga la juu, na TNT huyeyuka kwenye nyuzi 80 hivi. Kwa upande huu silaha isiyo na kilipuzi ilikuwa na faida ya kweli, kwa kuwa chuma kitupu hakiogopi joto la kiwango hicho. Lakini faida hiyo moja haikutosha kufuta hasara zilizobaki.

Hesabu ya mlipaji wa pili

Hasara kubwa kuliko zote haikuwa ya ufundi bali ya hesabu. Kilo moja ya chuma inayokwenda kwa Mach 3 katika anga la juu, yaani karibu mita 890 kwa sekunde, ina nishati mwendo isiyofikia sehemu moja ya kumi ya ile iliyomo katika kilo moja ya TNT. Hata ikiongezewa yote ambayo mvutano wa dunia ungeweza kuipa katika kuanguka kilomita 20, na hata hewa ikichukuliwa kana kwamba haipo, jumla yake haizidi sehemu moja ya saba. Ili chuma kilingane na kilipuzi cha uzito uleule, lazima kifikie karibu mita 2,900 kwa sekunde, yaani mara 8.5 ya kasi ya sauti iliyopo usawa wa bahari, na hakuna ndege ya mabomu iliyowahi kukaribia kiwango hicho.

Mtetezi wa mtaimbo wa chuma angeweza kujibu kwamba kazi yake si kulipuka bali kupenya, na jibu hilo ni la haki. Lakini hapo linajitokeza jambo ambalo mara nyingi husahaulika: ndege husafiri kwa kulala, na paa la handaki liko chini. Mwendo unaotolewa na ndege huelekea upeo wa macho, ilhali mwendo unaohitajika ili kupenya zege ni ule unaoelekea chini. Silaha iliyoachiwa kwa Mach 2.3 kutoka kilomita 20, kama hewa isingekuwapo, ingefika ardhini ikiwa imeinama kwa takriban nyuzi 42 tu, na silaha inayogonga zege kwa mshazari huweza kuteleza, kupinda au kuvunjika kabla haijaingia. Hewa nzito ya chini huirekebisha njia hiyo kwa kuufifisha mwendo wa mlalo, lakini kuirekebisha huko ndiko kuipoteza ile kasi ambayo ndege iliigharamia. Kwa upande mwingine, kuanguka wima kilomita 6 tu, bila hewa, kunatosha kukipa kitu kasi ya sauti, na hakuna injini yoyote inayohitajika wakati wa kushuka.

Gharama ya injini hizo inaonekana wazi katika ndege ya XB-70 Valkyrie, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 21 Septemba 1964 na baadaye kufikia Mach 3. Uzito wake wa kupaa ulikaribia tani 245, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa mafuta, kwa hiyo ili kuipa silaha moja kasi hiyo ilibidi kwanza kuipa kasi hiyohiyo ndege nzima pamoja na mafuta yake. Mpango wa kuifanya ndege ya mabomu ulikuwa umefutwa tangu mwaka 1961, baada ya makombora ya kutungulia ndege kuonyesha nguvu yao kwa kuiangusha U-2 ya Marekani juu ya Muungano wa Kisovyeti tarehe 1 Mei 1960, na baada ya makombora ya masafa marefu kuthibitisha kwamba roketi hulipia kasi kwa urahisi zaidi. Ziliundwa mbili tu, na moja iliangamia katika ajali ya Juni 1966.

MiG-25 na mlipaji asiyehesabiwa

Wasovyeti, hata hivyo, walilifikisha jambo hili vitani. Ndege yao ya MiG-25RB, iliyoanza kutumika karibu na mwaka 1970, iliweza kuachia mabomu ya kilo 500 yaliyokingwa dhidi ya joto, ikiwa katika kimo cha takriban kilomita 20 na kasi inayozidi Mach 2. Bomu lililoachiwa hivyo husafiri zaidi ya dakika moja hewani na kuangukia makumi ya kilomita mbele ya mahali lilipoachiwa. Faida iliyopatikana haikuwa kishindo kikubwa zaidi, bali umbali na usalama wa rubani, ambaye aliweza kuachia mzigo wake na kugeuka kabla ya wapinzani kumfikia.

Bei yake ilikuwa usahihi. Bomu lisilo na usukani likiachiwa kwa mita 690 hivi kwa sekunde, kosa la asilimia moja tu katika kuikadiria kasi hiyo hulipotosha kwa zaidi ya mita 400, bila kuhesabu upepo wa tabaka mbalimbali ambazo bomu hupitia. Silaha ya namna hiyo inaweza kulenga mji, lakini haiwezi kulenga jengo. Iraki ilizitumia MiG-25RB dhidi ya Irani katika vita vya miaka ya 1980, ikashambulia kisiwa cha Kharg, kituo kikuu cha mafuta, na pia Tehran, mji wa mamilioni ya watu waliokuwa wakilala nyumbani mwao. Hapo anaonekana mlipaji wa nne, ambaye hayumo katika hesabu za wahandisi: ni raia aliyepo mahali bomu linapoangukia baada ya kukosa shabaha, naye hulipa asichokikopa. Kila mjadala juu ya ufaafu wa silaha za kasi unaomsahau mtu huyo ni mjadala usiokamilika, hata kama milinganyo yake yote ni sahihi.

Nondo za angani na mabomu ya zege

Kwa kuwa ndege haikuweza kuifikia kasi iliyotakiwa, wengine walitazama juu zaidi. Jerry Pournelle, aliyefanya kazi katika kampuni ya Boeing katika miaka ya 1950 na baadaye kuwa mwandishi wa hadithi za kisayansi, hutajwa kuwa ndiye aliyebuni wazo la kuweka katika obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, nondo ndefu za tangisteni, metali nzito kuliko madini ya risasi na ngumu kuyeyuka, ili ziangushwe juu ya shabaha. Jeshi la Anga la Marekani liliutaja uwezo wa aina hiyo katika mpango wake wa maendeleo wa mwaka 2003. Nondo yenye urefu wa mita 6 na kipenyo cha sentimita 30 ingekuwa na uzito wa tani 8 hivi, na ikifika ardhini kwa kilomita 3 kwa sekunde ingekuwa na nishati inayokaribia tani 9 za TNT, yaani karibu sawa na uzito wake, ambayo hata hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuipandisha angani kwa roketi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia na za maangamizi ya halaiki katika obiti, lakini haukatazi nondo za tangisteni, kwa hiyo kilichozizuia ni gharama zaidi kuliko sheria.

Mabadiliko makubwa ya kweli yalitoka upande wa usukani. Mwezi Februari 1991, katika vita vya Ghuba, Marekani ilitengeneza kwa wiki chache bomu la GBU-28 kwa kutumia mitutu ya mizinga mikubwa ya zamani, ikiijaza kilipuzi na kuifungia kifaa cha kufuata mwali wa leza, na usiku wa mwisho wa vita hivyo likapiga handaki la uongozi huko Taji, kaskazini mwa Baghdad. Mwaka 1999 ndege za Marekani ziliangusha kaskazini mwa Iraki mabomu yenye usukani wa leza yaliyojazwa zege badala ya kilipuzi, ili kuharibu mitambo ya ulinzi wa anga iliyowekwa karibu na makazi ya watu, na mwaka 2011 Ufaransa ilifanya vivyo hivyo nchini Libya kwa mabomu ya kilo 300 hivi dhidi ya magari ya kivita. Katika matukio hayo nishati mwendo ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa ndogo: ilitosha kuponda gari bila kuangusha nyumba ya jirani, nayo ilitosha kwa kuwa bomu lilifika pale lilipotumwa. Ndege zenyewe hazikuhitaji kasi ya pekee.

Kasi ya ndege haijakosa matumizi, ila imepewa nafasi yake halisi. Katika majaribio ya miaka ya 2000, ndege ya F-22 iliachia bomu la kilo 450 lenye usukani wa satelaiti ikiwa inakwenda kwa Mach 1.5, na kasi hiyo ikageuzwa kuwa masafa marefu zaidi, siyo kishindo kikubwa zaidi. Urusi nayo ilitangaza mwezi Machi 2018 kombora la Kinzhal, linalobebwa na MiG-31. Ndege hiyo hulipandisha na kulipa mwanzo mzuri, lakini sehemu kubwa ya kasi yake hutoka kwenye roketi iliyomo ndani yake.

Bomu zito kuliko yote lililowahi kutumika vitani kwa ajili ya kupenya ardhi liliangushwa tarehe 22 Juni 2025, wakati ndege 7 za Marekani aina ya B-2 zilipoachia mabomu 14 ya GBU-57, kila moja likiwa na uzito wa takriban kilo 13,600, juu ya vituo vya nyuklia vya Irani vya Fordow na Natanz. Ndege hizo hazifikii kasi ya sauti. Zilichaguliwa kwa sababu zinaweza kubeba mabomu mawili ya namna hiyo kwa mara moja, kuyapandisha juu na kuyaachia bila kuonekana kwa urahisi na rada, kisha kuuachia mvutano wa dunia uyape kasi na kuyaachia mapezi yenye usukani yayafikishe. Ni mpango uleule ambao Wallis aliuandika mwaka 1941, ukiwa umeongezewa kile alichokikosa, yaani uhakika wa mahali pa kuangukia.

Kuangusha silaha nzito za nishati mwendo kutoka ndege inayopita kasi ya sauti kunawezekana, basi, na kumefanyika. Lakini kila mara ndege imetakiwa kulipa kwa mafuta, kwa joto, kwa hatari ya kuachana na kwa makosa ya shabaha ili kupata kile ambacho kimo hukitoa kwa bei ndogo na roketi hukitoa kwa kiasi kinachohitajika tu. Wahandisi wanaweza kuendelea kuzipunguza gharama hizo moja baada ya nyingine, kama walivyofanya tangu siku za vishale vya 1914. Ile ya mwisho, inayobebwa na watu walio chini, haipunguzwi na kasi yoyote. Hupunguzwa na usahihi pale silaha inapotumika, na huondolewa kabisa pale tu isipotumika.